Mama Mkwe, Fundi wa Nje ya Dirisha

Uso wa mama mkwe wangu siujui vizuri. Nikiambiwa nimchore, nitachora kilemba, bega la kushoto na visigino vinavyoondoka. Kwetu sisi Wakurya, mwanaume na mama mzaa mke wake hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawali sahani moja; na chumba ninacholala na binti yake yeye hawezi kukikanyaga hata paa likiwaka. Lakini sauti yake naijua kuliko sauti ya mtu yeyote hapa Nyansurura. Imenifokea kupitia dirisha miaka na miaka, na ikinifokea huwa ina sababu.

Yeye ni fundi wa sola. Kibanda chake kiko Genkuru, jirani na mgodi, ambako wachimbaji waliotoka mikoa yote wanamletea simu, redio na tochi za kichwani awachajie. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne, na katika fizikia nilipata alama ambayo mwalimu aliisoma kwa sauti ya chini, kama tangazo la msiba. Tangu hapo sijaona sababu ya kwenda mbali na kiti changu. Natotolesha vifaranga kwa mashine, kazi ambayo wanaume wenzangu wenye ng'ombe wanaicheka bila kuchoka.

"Mura, leo umeatamia mpaka saa ngapi?" wananiuliza wakipita na mifugo; mura kwetu ni kijana.

Huwa najibu kwamba zamu yangu imeisha, jogoo ndiye anamalizia.

Ninaandika habari za mama huyu kwa sababu ya macho yake. Yalianza kufunga polepole, wingu jeupe jicho hili, kisha lile. Na fundi anayebahatisha upi ni waya mwekundu na upi mweusi si fundi tena, ni ajali iliyokaa kwenye kigoda. Sote tulijua kwamba asipotibiwa kazi yake imekwisha. Na kwa mtu kama yeye, kazi ikiisha sijui kingebaki nini. Kilemba, labda.

Alijifunza wapi ufundi, watu wanabishana. Wapo wanaosema alifundishwa na kaka yake, wapo wanaosema kuna kozi alihudhuria, akafukuzwa kwa kumsahihisha mkufunzi. Ukimuuliza mwenyewe anasema, "Nimejifunza kwa kuunguza." Halafu, baada ya kufikiri kidogo, anaongeza: "Vya watu."

Nadharia yake ya umeme haimo katika kitabu chochote nilichofeli. Umeme wa jua na wa betri, anasema, unakwenda njia moja, kama mtu mwenye akili aliyetumwa chumvi. Umeme wa nguzo unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, "kama mume wa Bhoke akiambiwa aende mnadani." Bhoke ni mke wangu, kwa hiyo mfano huo nimeusikia mara nyingi. Inveta, kile kisanduku kinachochukua umeme wa betri na kuugeuza uwe kama wa nguzo, kazi yake ni kumchukua mtu mwenye akili na kumfundisha wazimu, kwa sababu mashine nyingi za kisasa zimezoea kulishwa na kichaa. Chaja nayo inafanya kinyume. Inampokea kichaa na kumtuliza.

"Anatulizwaje, mama?" Bhoke alimuuliza siku moja.

"Mlango wa zizi. Ndani ya chaja kuna milango kama ya zizi, inafunguka upande mmoja tu. Ng'ombe akija anapita. Akitaka kurudi, anagonga pembe."

Shuleni niliambiwa jambo hilohilo kwa michoro yenye mishale, nikasinzia. La zizi sijalisahau.

Ajabu ni kwamba huyu mpenda njia moja hajawahi kwenda mahali kwa njia moja. Akitoka Genkuru kuja kwetu anapitia sokoni, anapitia kwa dada yake, kisha anarudi sokoni alikosahau mwavuli. Alimwacha baba mkwe wangu na kumrudia mara nyingi mpaka ukoo ukachoka kuitisha vikao. Mchimbaji mmoja Msukuma alimtania pale kibandani:

"Mama, mbona unausema umeme wa nguzo, na wewe mwenyewe unakwenda na kurudi?"

"Mimi nikirudi narudi na kitu," akamjibu. "Chukua simu yako, imejaa."

Kanisani hakosi Jumapili, na anakaa mbele kabisa, karibu na spika, apate kuzisikiliza zinavyokoroma. Lakini asubuhi, kabla hajafungua kibanda, anageukia jua linapochomoza na kulitemea mate kidogo ya baraka, kama walivyofanya wazee wa zamani. Katekista alimwonya.

"Yule ndiye bosi wangu," akasema mama mkwe. "Wewe wako humsalimii?"

Nguzo zilipofika Genkuru tulidhani ataomboleza. Akawa wa kwanza kuvutiwa umeme. Ila taa hata moja hakuiwasha kwa umeme huo. Wote aliupitisha kwenye chaja, akaulaza ndani ya betri zake, ndipo akautumia. Alisema mgeni hapewi kazi siku ya kufika. Kwanza anakaa, anatulia, anajulikana tabia. Umeme wa nguzo ukikatika, mtaa mzima unaguna, kibanda chake kinaendelea kuimba kwaya.

Sasa nieleze jinsi mtu wa Genkuru alivyokuwa fundi wa chumba asichoweza kukiingia.

Betri ya sola huku kwetu ina miguu. Ukiiacha sebuleni, asubuhi utakuta nyaya mbili zinakutazama. Kwa hiyo niliponunua mashine ya mayai, na betri, na inveta ya kuiendesha, niliamua kwamba mali hiyo italala chini ya kitanda changu, na mwizi atakayeitaka aninyanyue kwanza mimi. Nilijiona mjanja sana. Sikukumbuka kwamba fundi pekee ninayemwamini ndiye mtu pekee duniani asiyeruhusiwa kufika hapo.

Akaja na begi lake la koleo na bisibisi. Nikamwamkia kutoka mbali, uso wangu ukiwa upande wa banda la kuku: "Shikamoo, mama." Akaiitikia ardhi: "Marahaba." Kisha akamuuliza Bhoke vitu vitakaa wapi. Bhoke akaonyesha chumba kwa kidevu. Mama akaweka begi lake chini.

"Mwambie mumeo," akasema hatimaye, "watu wanaficha betri mwizi asiione. Yeye ameificha fundi asiione."

Mtu mwingine angeondoka. Yeye aliomba kigoda, akakaa nje chini ya dirisha la chumba, mgongo ukutani. Mimi nikalala kifudifudi chini ya kitanda, tochi mdomoni. Bhoke akasimama mlangoni, kwa sababu maneno yalilazimika kupita kwake. Dirisha halikuwa na kioo. Kila mtu alimsikia kila mtu.

"Mwulize mumeo waya mwekundu uko wapi."

"Mama anauliza waya mwekundu."

"Mwambie nauona."

"Anasema anauona."

"Kuuona siyo kuufunga. Hata mimi mwezi nauona. Mwambie aunganishe betri kwanza, halafu ndiyo paneli ya paani. Akianza na paneli atajua hajui."

"Mama anasema, tafadhali uanze na betri."

Hiyo tafadhali haikutoka nje. Bhoke alikuwa anayapokea maneno yakiwa ya moto upande ule na kuyatoa ya uvuguvugu upande huu. Bila yeye tungeunguzana wote. Nilipofika kwenye nyaya za inveta, kitu kikalia *tap!* na kumulika buibui wote wa chini ya kitanda.

"Imetoa cheche!" nikapiga kelele.

Nje kigoda kikalia.

"Bhoke. Nani huyo amesema?"

"Ni upepo, mama."

"Mwambie upepo cheche moja ndogo ni salamu tu. Zikiendelea, ndiyo akimbie."

Mashine ikawaka. Ikaanza kunguruma taratibu, kama paka aliyeshiba. Bhoke anasema mama yake hakuondoka hapo. Aliweka sikio ukutani akasikiliza kwa muda mrefu, na ikawa desturi yake. Kila akija kwetu, kabla hajawasalimia hata wajukuu, analiweka sikio pale ukutani. Siku moja akasema, "Mwambie mumeo atoe viatu mbele ya kile kisanduku, kinakosa hewa." Nikachungulia chini ya kitanda. Viatu vilikuwepo. Sijui mpaka leo viatu vina mlio gani.

Msidhani hakosei. Huko Genkuru aliwahi kuunganisha redio ya baa, ya kutumia betri, moja kwa moja kwenye umeme wa nguzo, ikafuka moshi katikati ya taarifa ya habari. Akasema redio ile ilikuwa imeshachoka na habari zenyewe. Kukiri kosa hajui. Ndiyo maana macho yalipoanza kufifia hatukujua mapema. Aligeuza nyaya za inveta ya mchimbaji mmoja, ikafa palepale; akasema rangi za siku hizi hazina msimamo. Akaanza kufunga fundo kwenye kila waya mwekundu, akadai ni mtindo mpya. Wateja wakaanza kupungua, akadai wamehama. Simu walizokuwa wakimletea zikahamia kibanda cha ng'ambo ya barabara.

Ukweli ulijulikana uani kwangu. Shati langu lilikuwa limeanikwa kambani, mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili nikiwapa kuku maji. Mama mkwe akaingia, akaliona shati, akainamisha uso kwa heshima zote, akalizungukia mbali kabisa ili asinikaribie. Akaja kunigonga mimi kifuani.

Jambo kama hilo halina neno la kusema. Nilishuka chini kama nimepigwa rungu. Yeye akasimama, mkono hewani, na hakutafuta wa kumlaumu. Hata shati hakulilaumu. Bhoke akatoka jikoni na unga mikononi, akatuona, akaanza kulia.

Wakati huo madaktari wa macho walikuwa wamekuja kwenye hospitali moja mjini Tarime. Bhoke akamwambia mama yake kwamba ni mtoto wa jicho tu, anatolewa, mtu anarudi nyumbani. Mama akakataa.

"Pale wanatumia umeme wa nguzo."

"Ndiyo, mama."

"Daktari amenifungua jicho, umeme umerudi ulikotoka kunywa chai. Nani atanifunga?"

"Wana betri, mama. Wana inveta kubwa."

"Nani ameiona?"

Hakuna aliyeiona. Kaka zake Bhoke wako mbali, na mmoja alipopigiwa simu alisema tu, "Mama, ni salama, nakuhakikishia," ndipo mama akakata. Akakaa palepale chini ya dirisha siku ile, akisikiliza mashine. Halafu akatoa sharti lake.

"Aende mumeo akaione."

"Baba watoto?" Bhoke akashangaa. "Huyu? Hajui kitu, mama!"

"Ndiyo maana. Anayejua kidogo anaongeza chumvi. Huyu anataja alichokiona tu, kama anayehesabu mbuzi. Sijawahi kuunguza kitu kwa maneno yake."

Mimi nilikuwa ndani, nimeshika yai. Ni sifa pekee aliyowahi kunipa, na ndani yake nilikuwa nimeitwa mjinga, lakini niliipokea yote. Shida ni kwamba ilikuwa na safari ndani yake.

Bhoke alikuwa na mtoto mchanga, hangeweza kwenda. Tukakodi bodaboda mbili, kwa sababu moja isingewezekana hata kufikirika. Yangu mbele, yake nyuma, na kila tukipanda mlima nilimsikia akimwambia dereva wake injini ina plagi chafu. Tarime mjini nilikuwa sijafika kwa muda mrefu. Nikashangaa kama nimetoka nje ya nchi.

Hospitalini nikaomba kuonyeshwa chumba cha betri. Fundi wao alicheka, akadhani mimi ni mkaguzi niliyekosea kuvaa, akanifungulia. Nikatazama vizuri, nikarudi kwenye korido alikokaa mama mkwe akiuelekea ukuta. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Bhoke hayupo. Nikamfuata nesi, binti aliyeonekana kwa lafudhi kuwa si wa huku.

"Nesi, samahani. Mwambie mama yule betri ziko kwenye rafu, safi, hazina kutu."

"Si huyo hapo karibu yako? Hasikii?"

"Nasikia kuliko wewe, mwanangu," mama mkwe akauambia ukuta.

"Ni mama mkwe wangu," nikasema.

Nesi akatutazama kwa zamu, akaona hatutanii, akavuta pumzi. "Haya. Mama, betri ziko kwenye rafu, hazina kutu."

"Mwulize umeme ukikatika inakuwaje."

"Anauliza umeme ukikatika."

"Fundi amezima ile swichi kubwa ya nguzo mbele yangu. Taa haikupepesa."

"Taa haikupepesa, mama."

"Mwulize kama ameona au ameambiwa."

"Nimeona," nikasema, kabla nesi hajafungua mdomo.

Mama mkwe akalikumbatia begi lake. Sababu zilikuwa zimemwishia, kikabaki kile kilichokuwa chini yazo, yaani woga. Nilikuwa sijawahi kukutana nacho.

"Basi mshike mama mkono," nesi akasema, "umpeleke mlango wa mwisho kule. Taratibu, kuna ngazi." Akaondoka, wagonjwa walikuwa wengi.

Tukabaki. Mimi nikautazama mkono wangu kama si wangu. Yeye akafungua begi lake, alilokuja nalo hata hospitali, akapapasa, akatoa kipande kirefu cha waya. Akautupa mwisho mmoja sakafuni upande wangu.

"Waya umevaa plastiki," akauambia ukuta. "Haupitishi kitu."

Nikaokota. Tukaenda, mimi mbele na waya, yeye nyuma na waya, watu wakitupisha. Ngazi nilizitaja moja moja kwa sauti, kama naongea na nafsi yangu. Katikati ya korido waya ukakaza. Nikasimama. Nilijua historia yake ya kwenda na kurudi. Nikajua pia kwamba akigeuka sasa, hatokuja tena, na kibanda kitafungwa. Sikuvuta. Sikugeuka. Nikasubiri na waya wangu.

"Mayai umemwachia nani?" akauliza.

Hakuwapo nesi, hakuwapo Bhoke. Maneno yalikuja moja kwa moja mgongoni kwangu.

"Bhoke."

"Atayageuza?"

"Atayageuza, mama."

"Mume wa Bhoke."

"Naam."

"Kama nikitoka humo sioni, kibanda usimpe mtu anayejua kidogo."

Ningesema neno la kutuliza angejua ni chumvi. Nikasema kile nilichokuwa nakiona: "Mlango uko mbele. Ni wa kijani. Taa ya ndani inawaka."

Waya ukalegea. Alikuwa anakuja.

Alikuja Nyansurura mvua zilipoanza kupungua, miwani myeusi usoni, akiwa amepitia sokoni na kwa dada yake. Shati langu lilikuwa kambani. Akapita chini yake bila heshima yoyote. Akafika chini ya dirisha, lakini safari hii hakuweka sikio. Alivua miwani, akainua uso, akalitazama paa langu kwa muda mrefu.

"Bhoke, mwulize mumeo ile paneli yake imepakwa nini."

Bhoke akachungulia. "Ni ndege, mama. Wanalala pale juu."

"Mwaka mzima nimeiona na wingu nikadhani ni macho yangu. Kumbe nusu yake ilikuwa mavi ya ndege." Akashika kiuno. "Mwambie apande akafute."

Nikapanda na kitambaa na ndoo. Kule juu mtu wa nyumbani anaona mbali kuliko anavyopenda. Nikaanza kufuta. Mtoto akalia ndani, Bhoke akakimbilia kumchukua, tukabaki wawili, mimi juu na yeye chini, na kati yetu hakuna mtu.

Nilijua nimeacha sehemu, kwa sababu nilimsikia akipumua. Akageuza uso pembeni kama inavyotakiwa, akamtafuta wa kumtuma, akamwona kuku mmoja anachakura karibu na kigoda.

"Mwambie kushoto," akamwambia kuku. "Kushoto zaidi."

Kuku hakusema kitu. Nikafuta kushoto.